Mwalimu mkuu asiachiwe madeni ya shule

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo nimelinyamazia kwa muda mrefu, yaani mzigo walioubeba walimu wakuu wa shule za msingi wakati wa ugonjwa wa korona, hasa sisi tuliokuwa tukifanya kazi milimani huku Upare.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliingia kazini wakati wa UPE, nikiwa kijana wa darasa la saba niliyefundishwa ualimu huku nikifundisha, na nilistaafu mwaka 2021 nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja iliyoko juu kabisa katika wilaya ya Same. Siandiki kujisifu, wala sidai changu. Pensheni yangu naipata. Ninaandika kwa sababu ya daftari moja la dukani, ambalo nitalieleza.

Wasomaji watakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule. Kwanza tuliambiwa ni siku 30. Zikapita zaidi ya 100. Masomo yaliletwa kwa redio na televisheni, jambo zuri, ila huku kwetu mawimbi ya redio hukwama kwenye mlima, na mzazi mwenye redio hununua betri za kusikilizia taarifa ya habari, basi. Tuliandika maswali kwa mkono na kuyapeleka vitongojini kwa miguu. Watoto wengi tuliwakuta shambani.

Shule zote zilifunguliwa Juni 29, 2020. Wenzetu wa Kenya, ambao wengine ni ndugu zetu kabisa pale Taveta, hawakufungua kwa madarasa yote mpaka Januari 2021, na Uganda walisubiri mpaka Januari 2022. Kwa hiyo watoto wetu walikuwa na bahati, na mimi ni mmoja wa waliofurahi siku ile kengele ilipogongwa tena. Lakini kufungua shule katikati ya ugonjwa si sawa na kufungua mlango wa nyumba. Lazima awepo mtu wa kusimama mlangoni, na mtu huyo alikuwa mwalimu mkuu.

Ambaye hajaishi milimani hajui Julai ya Upare ilivyo. Ukungu hushuka kutoka upande wa Shengena tangu alfajiri, na mpaka saa nne hujamwona mtu aliye upande wa pili wa kiwanja cha mpira. Mwezi huo kila mtoto hukohoa, na ndivyo ilivyokuwa tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Sasa fikiri, Ndugu Mhariri, watoto zaidi ya 200 wamesimama mstarini, nusu yao wanakohoa, na agizo linasema mwenye dalili atengwe. Ningewatenga wapi? Hatukuwa na kipimo cha joto. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Tulitakiwa kufungua madirisha hewa ipite, tukayafungua, na watoto waliovaa sweta zilizotoboka viwiko wakatetemeka mpaka wakashindwa kushika kalamu. Wazazi wakaja juu. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, utamwua mjukuu wangu kwa baridi kabla korona haijamfikia." Nilikosa la kumjibu.

Hapo hapo tulitakiwa kuongeza muda wa masomo kila siku ili kufidia miezi iliyopotea, kwani mtihani wa darasa la saba ulikuwa Oktoba 7 na 8. Walimu waliongeza muda, na hawakulipwa kwa muda huo. Watoto wa vitongoji vya mbali walifika kwao giza limeshaingia, nasi tukawa tunawasindikiza kwa zamu mpaka kwenye kivuko cha mto. Mwalimu mmoja wa kike, mwenye mtoto mchanga, alifanya zamu hiyo wiki nzima bila kusema neno. Mambo kama hayo hayaingii katika taarifa yoyote.

Lakini nilisema nitaeleza habari za daftari. Kwanza nieleze fedha zilivyo, kwani wananchi wengi wanadhani kwamba kwa kuwa elimu ni bila ada, basi shule ina fedha ya kila kitu.

Ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 ni za vitabu, na 6,000 ndizo zinazoingia shuleni kwa ajili ya uendeshaji. Shule yangu ilikuwa na wanafunzi 214. Ukizidisha unapata shilingi 1,284,000 kwa mwaka, yaani 107,000 kwa mwezi. Hizo ndizo za chaki, karatasi, mitihani, ukarabati mdogo na michezo. Shule ya bondeni kando ya barabara kuu yenye watoto 1,000 hupata shilingi 500,000 kwa mwezi, na duka la jumla liko mlangoni kwake. Sisi sanduku la chaki lilipanda mlima kwa bodaboda, na nauli ya boda wakati wa mvua wakati mwingine ilikaribia bei ya chaki zenyewe. Shule ndogo na shule kubwa zote zina ofisi moja, zina mlango wa choo unaong'oka, na zote hupelekewa agizo lile lile. Serikali ikihesabu vichwa tu, shule ya mlimani hupata kidogo mahali ambapo kila kitu ni ghali.

Basi likaja agizo la maji tiririka na sabuni. Ni agizo sahihi, sina ugomvi nalo. Ndoo zenye koki zinunuliwe, moja kila darasa na moja langoni. Sabuni isikosekane. Maji kwetu yapo, tena mengi, na wazee wetu walijua kuyakusanya katika ndiva tangu enzi na enzi, lakini maji hupita bondeni na shule iko kileleni. Kila mtoto alikuja na kidumu. Hilo tuliliweza. Fedha ya ndoo na sabuni haikuja pamoja na agizo.

Mtu atauliza, kwa nini hamkuwaomba wazazi? Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na sababu yake tuliielewa, kwani wapo wenzetu waliokuwa wakiwafukuza watoto wa maskini kwa ajili ya michango hiyo. Tangu hapo mwalimu mkuu aliyeonekana na orodha ya majina na shilingi mkononi alijua yatakayompata. Mwingine atasema, Wapare mna msaragambo. Ni kweli, na shule nyingi za huku zimesimama kwa msaragambo, baba zetu wakibeba mawe na mama zetu mchanga kichwani. Lakini msaragambo huchimba msingi, sabuni haichimbwi.

Kwa hiyo tulikopa. Nasema tulikopa kwa sababu sikuwa peke yangu, wakuu wengi niliozungumza nao katika tarafa yetu walifanya hivyo. Ulikwenda kwa mwenye duka anayekufahamu, ukaandikwa katika daftari lake, na ruzuku ikiingia ukapunguza. Isipoingia kwa wakati ulipunguza kutoka katika posho ya madaraka, ambayo kwa mwalimu mkuu ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Kosa letu, na ninalikiri, ni kwamba duka halikuandika jina la shule. Liliandika jina la mwalimu.

Jirani yangu wa kazi, mkuu wa shule ya ng'ambo ya bonde, alifariki mwanzoni mwa mwaka 2021. Alisemekana kupata shida ya kupumua, kama ilivyosemwa kwa wengi siku zile. Tulimzika siku ya mvua, wanafunzi wake wakiimba, na mimi nilisoma wasifu. Wiki tatu baadaye mjane wake alipelekewa daftari. Nililiona kwa macho yangu. Ndoo zenye koki, sabuni ya maji, sabuni ya mche, rimu za karatasi, kufuli la stoo, betri. Jumla shilingi 386,000. Hapakuwa na sukari wala kilo moja ya mchele humo. Kila kitu kilikuwa cha shule.

Mama yule alimfuata mwenye duka kwa heshima, nami nilikuwapo. Mwenye duka si mtu mbaya, alikuwa amelia msibani kuliko ndugu wengine. Alisema, "Mama Mwalimu, nami naona haya. Lakini mimi nilimwandikia yeye, sikuiandikia shule." Tukaenda katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti, tukaelezwa kwamba bila hati ya manunuzi yenye jina la shule hakuna deni la kulipa. Kwa taratibu za fedha ofisa yule alisema kweli. Walimu wa kata tulichangishana, ikapatikana nusu. Nusu iliyobaki mama aliilipa kwa maziwa ya ng'ombe wake, akipeleka chupa kila asubuhi dukani, kwa muda wa miezi kadhaa. Ndivyo sabuni ya watoto wa Serikali ilivyolipwa.

Wapo watakaosema kwamba marehemu angekataa kukopa. Ni rahisi kulisema jambo hilo ukiwa umekaa. Mkaguzi akifika akakuta ndoo kavu, anayeandikiwa barua ya kujieleza ni mwalimu mkuu. Mtoto akiugua, mzazi humfuata mwalimu mkuu. Tena hana karani. Mwalimu mkuu wa shule ndogo hufundisha vipindi kama wengine, na jioni hutafuta mahali penye mtandao ili ajaze taarifa za fedha katika mfumo wa FFARS. Mimi mahali pangu palikuwa jiwe moja lililo juu ya makaburi, na watoto walifikiri nakwenda kuzungumza na wafu.

Sasa nieleze ninachoomba, na naomba wahusika katika TAMISEMI na Wizara ya Elimu walisome hili bila kukasirika. Kila shule ipewe kwanza kiasi fulani cha kudumu kwa sababu tu ni shule, kisha ndipo hesabu ya vichwa ifuate. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka kwa maelfu mpaka Same kuipinga kodi ya mbiru, kwa sababu mkoloni alitaka kumkadiria kila mtu kodi yake mbali mbali. Wajukuu wao leo tunaomba kinyume chake, tukadiriwe mbali mbali, kwani mlima na bonde si sawa. Huenda wazee watatucheka huko waliko. Hata yale madarasa 15,000 yaliyojengwa kuanzia Oktoba 2021 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, kazi ambayo kila mwananchi mwenye haki ataisifu, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20 popote liliposimama, na mfuko wa saruji unaopanda mlima hauwi na bei ya ule unaoshushwa kando ya lami. Aliyesimamia ujenzi na kuumiza kichwa juu ya tofauti hiyo alikuwa tena mkuu wa shule, ambaye chuoni alijifunza kufundisha, hakujifunza uashi.

Pili, agizo la dharura linapotolewa, fedha yake itoke siku ile ile, hata kama ni ndogo. Maradhi hayajatuacha. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitokea Kagera, na Januari 2025 ukarudi huko huko, Biharamulo. Kila mara linalokumbukwa kwanza shuleni ni ndoo na sabuni. Sijui kwa nini ndoo hiyo itafutwe na mtu mmoja kwa jina lake mwenyewe. Na kama haiwezekani kila shule kuwa na karani, basi kila kata ipate mmoja anayejua hesabu, azungukie shule, ili manunuzi yaandikwe kwa jina la shule tangu siku ya kwanza.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Madeni ya mwaka 2020 na 2021 bado yapo katika madaftari ya maduka, mengine kwa majina ya walimu waliohamishwa, waliostaafu na waliokufa. Kamati za shule zinayafahamu, kwani wajumbe wake ndio waliozitumia ndoo hizo na watoto wao. Kila kamati ikae, mwenye duka aitwe na daftari lake, kila kitu kihakikiwe kimoja kimoja, muhtasari uandikwe na kusainiwa, kisha halmashauri ilipe. Kitakachoonekana kuwa cha nyumbani kwa mwalimu, mwalimu au familia yake walipe. Kitakachoonekana ni cha shule kilipwe na shule.

Yule mama amekwisha kumaliza deni lake. Nilipomwambia kwamba nitaandika gazetini alisema jina la mume wake lisitajwe, nami nimemtii. Aliongeza kwamba kama kuna fedha yoyote itakayorudi, ianze kwa wale wa vijiji vya juu zaidi, ambao hawakuwa na ng'ombe.

Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Same, Kilimanjaro.