Miti ya Shule Ipogolewe, Isiangushwe

Mwezi wa Februari nilipita katika shule moja ya msingi baina ya Rongo na Homa Bay, nikakuta kisiki kibichi mahali ambapo mjakaranda ulikuwa umewafunika wanafunzi kwa kivuli miaka nenda miaka rudi. Nilipouliza kosa la mti huo, nilionyeshwa ufa katika ukuta wa darasa. Mizizi, niliambiwa.

Hukumu hiyo ilinisikitisha. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa sehemu nyingi za Homa Bay huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, ukapasua kuta hata pasipo na mti. Na ikiwa mti ulichangia, maana nao huukausha udongo, dawa ilikuwapo. Mkulima wa Migori hukata kichwa cha mgrevilea wa mpakani, au cha ule mti ambao Wajaluo huuita siala, akapata kuni na fito, nao mti ukachipua upya.

Kazi yenyewe yataka uangalifu kuliko utaalamu. Kabla ya mvua za Machi, shina hukatwa juu ya kimo cha mtu, mbuzi asifikie machipukizi, na mkato huinamishwa ili maji yasituame. Kisha huchimbwa mtaro mwembamba kati ya mti na ukuta, mbali na shina, mizizi inayotambaa ikakatwa kwa panga kali na mtaro ukafukiwa. Upande mmoja tu kwa mwaka! Anayekata pande zote kwa pamoja huuachia upepo wa ziwani kazi ya kuuangusha mti juu ya darasa. Sipresi na misonobari isikatwe kichwa kamwe, kwani shina lake likibaki bila majani halichipui tena.

Nakiri kwamba mti uliokwisha kunenepesha mizizi chini ya msingi wa nyumba ni shauri jingine. Pengine huo hauna budi kuondolewa. Lakini nani aliuacha ufike hapo? Walimu wenzangu, twapanda miche kwa hotuba na picha, kisha twaisahau mpaka siku ya shoka, ilhali somo la kilimo tunalo na mikono ya wanafunzi tunayo.

Nilirudi shuleni pale mwezi wa Aprili. Gwaride la asubuhi lilikuwa juani. Mche mpya ulikuwa umepandwa, hatua mbili tu kutoka ukuta ule ule.