Anayemcha Mola Faraghani Asitengwe

Kuna dhana iliyokita mizizi hapa kwetu pwani ya kusini, tangu Likoni hata Vanga, kwamba mtu asiyeonekana katika safu za msikiti wala katika viti vya kanisa amekwisha kuitupa imani yake, na kwamba hapana jambo la heri linaloweza kumea katika moyo wake. Dhana hiyo naipinga, na naipinga hali ya kuwa mimi ni mtu wa msikitini, niliyelelewa chuoni juu ya jamvi, na ambaye Ijumaa hainipiti ila kwa udhuru. Siandiki kwa kutaka kuibomoa nyumba ya ibada ya mtu yeyote, bali kwa kuwatetea majirani walioichagua njia ya faragha, wakawa wanamcha Mola wao, au wanaitafuta salama ya nafsi zao, pasipo imamu wala kasisi wa kuwasimamia.

Watu wa namna hiyo wapo hapa Ramisi, na wengine katika wao walifinyangwa na historia ya mji wenyewe. Kiwanda cha sukari kilichoanzishwa katika miaka ya 1920 kiliwavuta watu wa makabila na dini nyingi, wakalima miwa pamoja, wakala pamoja, kila mmoja akaabudu kwa taratibu alizozikuta kwao. Kisha mwaka 1988 kiwanda kikafungwa, mishahara ikakatika, na wengi wakatawanyika. Katika waliobaki nilimjua mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mitambo ya kuchemshia maji ya miwa, Mwislamu wa kuzaliwa, ambaye aliacha kuhudhuria mawaidha kwa sababu moja tu: alichoka kuambiwa na waliokuwa wakiwaidhi kwamba njaa ya watoto wake ilikuwa adhabu ya dhambi zake, hali akijua kwa macho yake mwenyewe jinsi kiwanda kile kilivyoharibika.

Lakini mzee yule hakuacha kumcha Mungu. Kila alfajiri alikuwa akiketi juu ya mkeka barazani kwake, kikombe cha bati cha kahawa kikipoa pembeni, akiwataja kwa sauti ya chini, mmoja baada ya mmoja, watu aliokutana nao siku iliyopita, na kujiuliza juu ya kila mmoja wao kama alimtendea haki au alimdhulumu. Pale alipojiona ana deni, hakungoja jua lipande. Nilimwona asubuhi moja akitoka na noti ya shilingi 50 mkononi, akimfuata njiani mama muuza samaki wa Bodo, kwa kuwa jana yake alimshika bei kupita kiasi naye akauza kwa unyonge. Mama yule alicheka akaikataa; mzee akamsihi hata akaipokea, ndipo akarejea kwake na uso mkunjufu. Sijui ni wangapi katika sisi tunaosimama safu ya mbele ambao sala zetu hutupeleka barabarani kurudisha haki ya mtu.

Muhasaba wa namna hii, yaani mtu kuihesabu nafsi yake, si bidaa ya mzee wa Ramisi. Imamu Ghazali aliutengea kitabu kizima ndani ya utungo wake mkubwa uitwao Ihya, naye aliandika kwa kuyajua mateso ya moyo, maana mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, na wanafunzi kwa mamia wakimsikiliza, alifikwa na shaka kubwa juu ya nia yake hata ulimi ukamkatalia kusomesha, chakula kikawa hakishuki, na matabibu wakakiri kwamba ugonjwa wake u moyoni. Aliiacha kazi ile na jaha yake yote, akaigawa mali yake akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akaenda Damascus, akawa anajifungia ndani ya mnara wa msikiti mchana kutwa. Hakutoka katika Uislamu, wala simtaji ili nimfanye shahidi wa jambo asilolisema. Namtaja kwa sababu alitambua kwamba mtu aweza kuwa kiongozi wa umati wa waumini ilhali yeye mwenyewe hana yakini, na kwamba yakini hiyo haigawiwi na umati. Ndugu yetu wa Tanga, mwandishi Shaaban Robert, naye katika hadithi yake alimchora Utubora akiiacha kazi yenye mshahara mzuri Unguja na kwenda kushika jembe Busutamu, akitafuta kwa mikono yake raha ya nafsi ambayo ofisi haikuweza kumpa.

Na sisi watu wa Kwale tuna hoja iliyo karibu zaidi. Msitu wa Kaya Kinondo, wenye hekta zipatazo 30, na ambao tangu mwaka 2008 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, hutunzwa na wazee wa Kidigo ambao aghalabu ni Waislamu. Aingiaye hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huambiwa asiokote hata jani akaenda nalo, na asifanye jambo la utovu wa adabu mle ndani. Haulizwi dini yake. Wako masheikh wanaoona maombi ya kaya kuwa ni ushirikina, na hoja yao ina uzito katika elimu yao, wala sitaki kuwaamulia. Ninachokiona ni kwamba wazee wetu walijua kukaa kimya mbele ya jambo lililo kubwa kuliko wao bila ya kumtaka mgeni aingie kwanza katika jamaa yao.

Nitaambiwa kwamba mtu akiwa peke yake hupotea, na kwamba mbuzi aliyeachana na kundi ndiye huliwa na fisi. Ni kweli kwamba faragha ina hatari zake, na kubwa katika hizo ni mtu kuanza kuyaabudu matamanio yake akadhani anamwabudu Mungu. Lakini Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa kanisa moja, ambao yadaiwa waliamrishwa wafunge hata kufa ili wakutane na Yesu. Hao walikuwa na kundi, tena walikuwa na mchungaji. Walichopokonywa ni ile dhamiri ya ndani ambayo ingaliwaambia wampe mtoto maji anywe, na dhamiri hiyo hailei mtu mwingine kwa niaba yako, huilea mwenyewe.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya zaidi ya 750,000 waliandikwa kuwa hawana dini, na Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, inawapa wao na sisi uhuru ule ule wa dhamiri na imani. Sheria, hata hivyo, haibebi jeneza. Mzee yule alipofariki, maiti yake ilikaa ndani tangu asubuhi hata karibu na magharibi huku watu wakibishana nje kama aoshwe na nani na asaliwe au asisaliwe, hata wapwa zake wakajitosa wenyewe wakamwosha, wakamkafini na kumzika, na mama muuza samaki akiwa miongoni mwa waliokuja kukaa matanga.

Nawaomba maimamu na wachungaji wa Ramisi, Msambweni na Diani walizungumze jambo hili mapema, kabla ya msiba wala si siku ya msiba, na wawatangazie watu wao waziwazi kwamba jirani aliyeishi kwa wema katika faragha yake atazikwa na mtaa wake kwa heshima, na kwamba wanawe hawataulizwa mlangoni babao alikuwa akisali wapi.