Kompyuta Zikigoma, Fundi Awe Karibu

Tarehe 19 Julai, 2024, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza marekebisho ya programu yake ya ulinzi, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows zikagoma duniani. Marekebisho hayo yaliondolewa baada ya dakika 78. Lakini mashine nyingi zilizokwisha kugoma hazikuweza kutibiwa kwa mtandao. Ilibidi fundi aifikie moja moja, aiwashe kwa njia ya dharura na kulifuta faili bovu kwa mkono.

Kwa ofisi na shule za Mlabani, mjini Ifakara, jambo hili ni zito. Haifai mwalimu mkuu angoje mtaalamu kutoka Morogoro hali alama za wanafunzi zimefungiwa ndani ya mashine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini baada ya mfumo wa Hazina kushindwa. Hakuna anayetaka kurudi huko. Kinachotakiwa ni halmashauri kumfundisha kazi hiyo walau mtumishi mmoja katika kila kata, na kila marekebisho kujaribiwa kwanza kwenye mashine moja. Watumishi nao waache uzembe wa kuweka kumbukumbu mahali pamoja tu. Daftari la mahudhurio na la alama liendelee kujazwa.