Rudisheni Karatasi ya Kibarua

Neno "kibarua" tunalitamka kila siku bila kulisikiliza. Asili yake ni barua ndogo. Katika karne ya 19, huko Unguja na pwani yetu, mtu aliyekodiwa kwa kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, na kijikaratasi hicho ndicho kilichokuwa shahidi wa kazi yake na ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Leo mtu yupo na karatasi haipo.

Nendeni alfajiri kwenye saiti yoyote ya Goba, Tegeta au Kigamboni, Dar es Salaam, mjionee. Mtawakuta vijana wamesimama nje ya mabati, buti wamezitia kwenye mfuko, mwenye mwiko kaushika mkononi ili uonekane. Nyapara anatoka, anasonta kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Wanaingia kumi, wanabaki thelathini. Hakuna aliyeulizwa anajua nini. Kachukuliwa mwenye kifua kipana, au aliyetoka kijiji kimoja na nyapara, au yule aliyekwisha kukubali kwamba jioni, kabla ya kupanda daladala, atamwachia mtu cha juu.

Nami nimesimama kwenye lango la namna hiyo. Nilipomaliza shule nilikuwa saidia fundi kwa miezi kadhaa, nikibeba karai la zege ngazi hadi ngazi. Tulikuwa na mwenzetu tukimwita Mbeya, kwa sababu ndiko alikotoka. Siku moja ubao wa jukwaa ulikatika, akaanguka na kuvunjika mguu. Tukampakia kwenye gari la mchanga hadi hospitali. Muuguzi akashika kalamu akauliza: "Jina la mgonjwa?" Tukatazamana. Tulikuwa wanne, tuliokula naye mihogo sinia moja kwa wiki mbili, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake. Akaandika "Mbeya". Ndugu zake walipokuja baadaye kuulizia matibabu na ujira wake, mwenye kazi aliwaambia hamjui mtu huyo. Kwa uchungu nakiri kwamba hakuwa anasema uongo. Kweli hakumjua. Alikuwa hajamwandika mahali popote.

Tangu siku hiyo nimeshika neno moja, nalo nalirudia leo mbele yenu: mtu asivuke lango la saiti kabla jina lake halijaandikwa. Mengine yote tunayoyalilia katika ajira za ujenzi, wizi wa ujira, ajali zisizo na mwenyewe, ufundi wa kubahatisha, upendeleo, yananyweshwa na kisima hicho kimoja cha kuajiri watu wasio na majina.

Wazee wetu waliochukuliwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro waliitwa manamba, kwa kuwa mwajiri aliwajua kwa namba walizopewa. Jina lile lilikuwa tusi, na taifa huru lilifanya haki kulikataa. Basi na tujiulize bila kuoneana haya: kijana wa leo anayemwaga zege la ghorofa ya tano, asiye na jina wala namba, tumemwinua wapi?

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwa kawaida inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi pale kazi inapoanza: jina lake, mahali alipoajiriwa, kazi atakayofanya, siku aliyoanza, saa za kazi, ujira wake. Tena inasema kwamba shauri likifika mbele ya wenye kuamua na mwajiri akashindwa kuyatoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unamwangukia yeye. Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyounda mfuko ambao mchango wake hutoka kwa mwajiri, bila kukatwa senti katika mshahara wa mfanyakazi. Lakini mke wa mtu aliyeitwa Mbeya ataanzia wapi kudai, ikiwa hakuna ukurasa duniani unaosema kwamba mumewe alikuwa kazini siku ile?

Wakandarasi watanijibu kwamba zege ni la leo, kesho hawawahitaji watu hao. Mikataba ya nini kwa kazi ya siku mbili? Nawajibu kwa heshima. Siku mbili zinatosha mtu kufa. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, na miongoni mwao walikuwamo wajenzi. Mwokoaji anayefika kwenye kifusi huuliza kwanza: walikuwa wangapi ndani, na ni akina nani? Jibu la swali hilo haliwezi kutafutwa mchana, vumbi likiwa limetanda. Hutakiwa liwe limeandikwa asubuhi, wakati mtu anafunga kamba za buti zake. Jina, kwao, kazi aliyokuja kuifanya, ujira mliokubaliana, na simu ya ndugu wa kumpigia. Ni mstari mmoja wa daftari.

Na msidhani faida ni ya kibarua peke yake. Mara ngapi tumesikia wenye nyumba wakilalamika kwamba mafundi wa siku hizi ni waongo? Ukuta umepinda, lipu inabanduka, nondo zimesukwa ovyo. Lakini fundi huyo mlimpataje? Jirani alimsifu, mkampa fedha ya kuanzia, basi. Fundi hodari aliyejenga nyumba ishirini hana cha kuonyesha zaidi ya mdomo, na tapeli ana mdomo huo huo, pengine mzuri kuliko wake. Mahali pasipo na kumbukumbu, kila asubuhi fundi mwema huanza upya kama mwanafunzi. Mpeni pembe moja ya ukuta aijenge mbele yenu, iangalieni kwa timazi na pima maji, mlipeni siku hiyo hata kama hamtamchukua. Akifaulu, andikeni. Kazi ikiisha, mwandikieni tena: amejenga hapa, kuanzia lini hadi lini, na kazi yake ilikuwa hivi.

Enyi vijana, nanyi msikae mkingoja kuandikwa. Nunueni daftari lenu. Kila saiti mliyofanya kazi, andikeni mahali, tarehe, kazi, na jina la fundi mkuu. Pigeni picha nguzo mliyoisuka kabla haijamezwa na zege. Aliyejifunza ufundi kwa kushika karai, bila kuketi darasani, asijidharau: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inao utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kumpa mwenye nao cheti. Daftari lako litakusaidia kueleza ulikopita. Na mtu akikuomba cha juu ili akuingize langoni, jua kwamba mtu huyo huyo ndiye atakayekukana siku ukianguka.

Wanyapara, ninyi mna neno kubwa kuliko mnavyojidhania, maana mkandarasi yuko ofisini na mhandisi hupita mara moja moja. Yupo mmoja wenu ninayemfahamu, mtu wa makamo, elimu yake ni darasa la saba. Kila asubuhi hufungua daftari la shule lenye jalada lililochakaa kwa saruji, akaita jina baada ya jina, la baba likifuata la mtoto. Asiyemo humuuliza taratibu, akamwandika, ndipo akampa beleshi. Jioni hulifungua tena na kuita, na haondoki pale saiti mpaka wote wameitika.