Maoni Yetu: "Kali sana" haimfundishi mtu

Kijana akipiga picha ya machweo pale Forodhani, akaihariri kwenye simu na kuwaonyesha wenzake, ataambiwa "kali sana", basi. Hakuna atakayemwambia kwamba bahari imeinama upande wa kulia, kwamba jua limegeuka doa jeupe lisilo na umbo, wala kwamba rangi ya chungwa imezidishwa mpaka nyuso za watu waliokaa ukutani zimeharibika. Wiki ijayo atarudi na picha nyingine yenye kasoro zilezile. Sifa za namna hii zinamnyima alichokuja kukitafuta, na wenye ujuzi waache kuzitoa.

Pwani yetu si mahali rahisi pa kujifunzia. Huku karibu na ikweta jua huzama upesi, na rangi za anga baada ya hapo hazikai zaidi ya nusu saa hivi. Mchanga mweupe wa Paje na Jambiani huihadaa kamera: hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na picha hutoka ya kijivu. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, kwa hiyo ngalawa iliyokuwa ikielea alfajiri, saa sita baadaye imekaa juu ya mchanga. Na anayetaka kuliona jua likizama baharini asiende Jambiani, maana ufuo ule unatazama mashariki. Aende Kendwa, Nungwi au Mji Mkongwe. Mtu anaweza kuyahangaikia haya peke yake mwaka mzima, au akaambiwa na anayejua kwa dakika tano.

Maoni yenye faida hutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kuipanga picha na kuihariri. Upeo ulioinama hunyooshwa kwenye simu mara moja. Ncha ya mlingoti iliyokatwa na ukingo wa picha ni habari nyingine. Hapo mpigaji alitakiwa kurudi nyuma hatua mbili. Vivyo hivyo anga lililoungua, yaani weupe usiobakiza hata chembe ya rangi. Ukilishushia mwanga baadaye utapata kijivu tu. Dawa ilikuwa palepale ufuoni: kugusa anga kwenye kioo cha simu, kushusha mwanga kabla ya kupiga, kisha kuinua vivuli nyumbani.

Kasoro tunayoiona zaidi, hata hivyo, ni utupu. Maji matupu chini, anga tupu juu, na rangi zikaongezwa ili kufidia. Chipukizi wa picha hizi hahitaji programu bora zaidi ya kuhariri. Aambiwe achuchumae karibu na nanga au dimbwi lililoachwa na maji, ili jicho lipate pa kuanzia. Aambiwe asubiri mama wa mwani aingie upande wa kushoto na kiroba chake, na amwombe ruhusa kwanza.

Wapo wanaosema kuhariri ni kudanganya. Hatukubaliani nao. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu, kwa sababu vioo vya wakati ule havikuweza kuvinasa vyote viwili kwa pigo moja. La kuuliza ni kama picha bado inasema kweli kuhusu mahali na saa yake, na hapo mvuvi ni mkosoaji mzuri kuliko wengi wenye kamera. Mwonyeshe picha ya anga jekundu ambapo kivuli cha ngalawa kimejikunja chini ya chombo chenyewe. Atakuuliza adhuhuri hiyo ilipata wapi machweo.

Anayeomba maoni naye ana wajibu. Aje na picha mbili, ya awali na iliyohaririwa, na aseme alikusudia nini. Ukiuliza "ikoje?" utajibiwa "nzuri". Ukisema "nilitaka jicho lifuate kamba mpaka chomboni, je, linafika?" mwenzako atalazimika kuitazama picha kweli.

Ufundi huu ulikua kwetu kwa watu kukaa karibu na wenye kuujua. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe mwaka 1930, na baadaye mwanawe Rohit akaishika kazi hiyo. Leo wapigapicha wa harusi na wa utalii wamejaa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, wengi wakiwa na ujuzi wasioulizwa kamwe. Tunawaomba watenge jioni moja kila bamvua, wakutane na chipukizi ufuoni, picha zikiwa zimechapishwa na kutandazwa mezani mahali ambapo kila mtu anaweza kuweka kidole penye kasoro. Bamvua hurudi baada ya wiki mbili hivi, na maji hujaa na kupwa kwa saa zinazokaribiana na za mara iliyopita. Aliyekosolewa leo atakuwa na nafasi ya kusimama palepale, kwenye maji yaleyale, na kuipiga upya.