Kijana Hafunzwi Mpira kwa Adhabu



Jumapili moja, alasiri, tulipita kando ya kiwanja ambapo timu ya vijana ilikuwa ikifanya mazoezi. Mpira ulikuwa umelala chini ya mti. Watoto wenye miaka 12 au 13 walikuwa wakizunguka kiwanja juani, mara baada ya mara. Mmoja wao akasimama, akashika goti lake, chini kidogo ya pia. Mwalimu wao akapaza sauti: “Mvivu wewe! Ongeza mizunguko mitatu!” Sisi tukapita bila kusema neno, na kimya chetu kimetusumbua tangu siku ile. Basi leo twasema.

Tuulize kwanza: mchezo wa mpira wadai nini mwilini? Mchezaji mzima wa timu kubwa huenda kilometa 10 hadi 12 katika dakika 90, lakini si kwa mwendo mmoja. Hutembea, hukimbia polepole, kisha huchomoka ghafula kwa sekunde mbili au tatu, husimama, hugeuka. Anayezungushwa kiwanja kwa saa nzima hujifunza mwendo usio wa mpira.

Kwa hiyo pumzi ya kijana yakuzwa kwa mbio fupi na mapumziko. Akimbie kwa nguvu sekunde 10, atembee sekunde 40, arudie mara sita au nane, kisha apumzike. Afadhali zaidi, wagawanyeni wanne kwa wanne katika kiwanja kidogo, wacheze dakika nne, wapumzike dakika tatu, waanze tena. Hapo watapata pumzi na ufundi pamoja, wala hapana atakayenung’unika.

Kabla ya hayo yote, mwili upashwe moto kwa dakika 15 au 20: mbio za polepole, kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kujiinua juu ya viwiko mwili ukinyooka kama ubao. Mambo haya hayadai fedha. Katika nchi ya Norway yalijaribiwa kwa wasichana wachezaji wenye miaka 13 hadi 17, na habari zake zikatolewa mwaka 2008: majeraha yalipungua karibu theluthi moja.

Sasa turudi kwa yule mtoto mwenye goti. Mifupa ya kijana ingali yakua, na miisho yake ni laini kuliko ya mtu mzima. Msuli wa paja, ukivutwa kila siku kwa mbio na miruko, waumiza mahali unaposhikamana na mfupa wa mguu, chini ya pia. Maumivu hayo ni ya kawaida kwa vijana wanaorefuka upesi. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mazoezi, si kuyaongeza. Mtoto huyo hakuwa mvivu, alikuwa akikua.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana wa miaka 13 na zaidi ahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Mdogo wake ahitaji zaidi. Asiende kiwanjani na njaa, wala na homa ya malaria. Mwalimu asimnyime maji, na kila juma ampe siku moja au mbili za kupumzika kabisa.

Labda mtu atasema kwamba kwa upole huo hatutapata mabingwa. Tumkumbushe habari za Elisabethville, iitwayo leo Lubumbashi. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface waliunda timu kwa ajili ya wanafunzi wao. Ndiyo timu ambayo baadaye, kwa jina la Englebert, ilitwaa kombe la Afrika mwaka 1967 na tena 1968, na ambayo sasa yaitwa Mazembe. Kati ya wanafunzi wale na kombe la kwanza ilipita miaka 28.

Enyi walimu wa timu, mlima mahindi hayavuti majani yake ili yarefuke. Na wewe kijana, goti likikuuma, sema bila aya. Nasi tukipita tena pale kiwanjani, hatutanyamaza.