Homa, Malaria na Degedege: Maneno Yasichanganywe

Ifakara, katika bonde la Kilombero, malaria imechunguzwa kwa miaka mingi. Anayenakili maelezo ya wazazi kutoka katika sauti zilizorekodiwa hushika dhamana kubwa. Mama asemapo "mtoto ana homa", hajasema "malaria". Homa ni dalili, yaani kupanda kwa joto la mwili. Malaria ni ugonjwa unaothibitishwa kwa kupima damu. Degedege ni mitukutiko impatayo mtoto mdogo, mara nyingi pamoja na homa kali. Kifafa ni ugonjwa ambao mitukutiko yake hurudi hata pasipo homa.

Mnakili akiandika "malaria" mahali pa "degedege", akidhani anasahihisha, huficha jambo zito: wako wazazi walioihesabu degedege kuwa maradhi yasiyohusiana na malaria, wakaenda kwanza kwa mganga, mtoto akachelewa kufika hospitali. Daftari litasema wazazi wanaelewa, kumbe sivyo. Na elimu ya afya haitawafikia.

Kwa maoni yangu, kanuni ni moja: neno liandikwe kama lilivyosemwa, na tafsiri ikae kando. Walimu wa Kiswahili na wa baolojia na waifundishe kwa pamoja.